Meshi ya Mtaa Ikigoma Lamu: Angalia Anwani na Njia Kabla ya Kutafuta Ngazi

Neti ikikatika, mafundi wengi wa hapa Lamu hutafuta ngazi kwanza. Mtu anapanda darini, anazungusha antena, anakaza nati, anashuka. Mambo yakirudi kwa bahati, lawama zinamwendea upepo wa kuzi. Kuzi husogeza antena kweli, sikatai. Lakini katika mtandao wa meshi, ambao kila nodi hupokea pakiti za mwenzake na kuzisukuma mbele, hitilafu nyingi hazimo darini. Zimo kwenye namba: anwani mbili zinazofanana, sabneti (fungu la anwani) ambayo hakuna aliyeitangaza, lango (nodi yenye mlango wa intaneti) lililokufa lakini bado linajinadi kuwa lipo. Na nyingi kati ya hizo zina asili moja: pakiti imejua njia ya kwenda, haikujua njia ya kurudi.

Mpangilio ninaoufuata hapa ni anwani, halafu njia, halafu malango, halafu ukubwa wa pakiti. Hewa, yaani redio na antena, inakuja mwisho, kwa makusudi.

Ili tuelewane, tuchukue mtandao mdogo wa mfano. Nodi ya Mkomani ndiyo lango, ipo penye modemu. Ya pili ipo Langoni (jina la mtaa, siyo lango la intaneti), ya tatu Shela, kama kilomita 3 kusini, na ya nne ng'ambo, Manda. Nodi zenyewe zinaongea kwa 10.77.0.0/24, yaani anwani zinazoanza na 10.77.0: Mkomani ni 10.77.0.1, Langoni 10.77.0.2, na kuendelea. Kila nodi inawagawia wateja wake sabneti yake: wa Langoni wanapata 10.77.2.0/24, wa Shela 10.77.3.0/24. Namba ya tatu inakwambia mteja yuko nyuma ya nodi gani, na saa nne za usiku ukipigiwa simu utashukuru kwamba uliipanga hivyo.

Kwanza jua meshi yako ni ya tabaka gani

Kuna meshi zinazopanga njia kwa anwani za MAC (namba ya kifaa chenyewe), chini ya IP; hizi ni za tabaka la pili. Batman-adv, iliyoingia kwenye kaneli ya Linux mwaka 2011, ni ya namna hiyo, na 802.11s ni hivyo hivyo. Kwa mteja, mji mzima unaonekana kama swichi moja kubwa. Nyingine, za tabaka la tatu, hupanga njia kwa IP: OLSR (RFC 3626 ya mwaka 2003) na Babel (RFC 8966 ya mwaka 2021). Hapo kila nodi ni ruta kamili yenye jedwali lake la njia.

Usipoijua tofauti hii utahangaika mahali pasipo na kitu. Kwenye batman-adv, kutafuta njia ya kwenda Shela kwa `ip route` hakukupi chochote, kwa sababu IP haijui kwamba kuna miruko (hatua za nodi hadi nodi) katikati. Unatumia `batctl n` kuona majirani na `batctl o` kuona nodi zote. Kwenye OLSR na Babel, `ip route` ndiyo kitabu chenyewe. Mtandao wetu wa mfano ni wa tabaka la tatu, lakini nitataja la pili pale linapoumwa kwa namna yake.

Jibu la ping lina maneno, yasome

Watu hupiga ping (pakiti ndogo ya kuuliza "upo?"), wakaona haikujibu, wakasema "imekufa". Ping inasema zaidi ya hapo. Chukua laptopu yenye Linux, jiunge na nodi ya Langoni, umpigie mteja wa Shela, tuseme 10.77.3.20. Tazama neno lililorudi, na tazama limerudi kutoka kwa nani.

Ukipata "Network is unreachable" papo hapo, tatizo halijatoka hata mlangoni kwako. Laptopu haina njia ya kutokea, maana yake haikupata anwani au lango kutoka kwa DHCP, huduma inayogawa anwani. Wachana na Shela kabisa, nenda dalili inayofuata hapa chini.

Ukipata "Destination Host Unreachable" kutoka 10.77.0.3, hiyo ni habari njema. Pakiti imesafiri mpaka Shela, nodi ya Shela ndiyo inayosema: nimemwita huyu 20, haitiki. Njia ni nzima. Simu ya mteja imezimwa au amehama.

"Time to live exceeded" maana yake pakiti inazunguka. Langoni inaamini njia ipitie Manda, Manda inaamini ipitie Langoni. Mzunguko wa sekunde chache baada ya nodi kuzimika ni jambo la kawaida kwenye OLSR, habari zikiwa bado hazijaenea. Ukidumu dakika nzima, tafuta njia iliyoandikwa kwa mkono ikasahaulika; ndiyo inayoshindana na protokali.

Kimya ndicho kigumu kuliko vyote. Hapo usikisie, piga `traceroute -n`. Kama pakiti inayokwenda Shela inapita Mkomani kisha inatokea kwenye anwani za mtoa huduma wa intaneti, umeshampata mchawi: Mkomani haina njia ya 10.77.3.0/24, kwa hiyo imeitupa kwenye njia yake ya jumla, nje, ambako anwani za ndani hutupwa bila maelezo. Ndiyo sababu katika meshi huoni mara nyingi lile jibu la "Destination Net Unreachable". Karibu kila nodi ina njia ya jumla, na njia ya jumla haikatai mgeni.

Kabla ya kuondoka hapo, kwenye nodi yenyewe andika `ip route get 10.77.3.20`. Itakwambia pakiti hiyo ingepita kwa jirani gani na kutoka na anwani gani. Amri hii moja inamaliza ubishi mwingi wa mafundi.

"Fundi, mawimbi yamejaa lakini hakuna neti"

Uliza kwanza mteja amepata anwani gani. Siyo anaona vijiti vingapi. Vijiti ni habari kati ya simu na nodi iliyo karibu naye, havisemi lolote kuhusu safari ya mbele.

Akikusomea 169.254 na nyingine nyingine, kifaa kimejipa anwani chenyewe baada ya kuita DHCP bila kujibiwa. Huduma ya DHCP kwenye nodi hiyo imelala, au fungu la anwani limeisha. Hili la pili hutokea wakati wa Maulidi, mji ukifurika wageni: umeweka anwani 100 zenye muda wa saa 24, na kila anayepita Usita wa Mui na simu iliyowahi kujiunga anaondoka na anwani yake mfukoni mpaka kesho. Punguza muda uwe saa moja au mbili, panua fungu.

Akikusomea 192.168.1 au 192.168.0, kuna mtu mwingine anayegawa anwani. Mara nyingi ni duka au nyumba ya wageni iliyonunua ruta yake, ikachomeka kebo kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Kwenye meshi ya tabaka la tatu madhara yanaishia kwa wateja wa nodi hiyo moja. Kwenye batman-adv yanaenea mji mzima, kwa sababu ombi la DHCP linafika kila kona na anayejibu mwanzo ndiye anayeshinda. Kumkamata si kazi kubwa: kwenye laptopu iliyopotoshwa andika `ip neigh`, chukua MAC ya hilo lango la uongo, kisha kwenye nodi yoyote `batctl translate` ukifuatisha na MAC hiyo. Inakujibu ni nodi gani anajificha nyuma yake. Unakwenda kwa miguu, unabisha hodi, unahamisha kebo. Baadaye ufunge majibu ya DHCP yasiyotoka kwenye lango lako, kwa kuwa mwezi ujao atakuwa mwingine.

Kuna sura ya tatu: anwani ni sahihi, 10.77.2.50, lango ni sahihi, na bado hakuna neti. Hebu apige ping 10.77.0.1, halafu 8.8.8.8, halafu jina lolote la tovuti. Ikifika kwenye namba isifike kwenye jina, ni DNS (huduma inayogeuza majina kuwa namba), na tusipoteze muda zaidi hapa.

Inakuja inakwenda, na haina mpangilio

Unaingia kwenye nodi ya Langoni kwa ssh, unajikuta ndani ya nodi ya Manda. Au paswadi inakataliwa ilhali jana ilikubali. Ama mteja mmoja anapata, jirani yake hapati, dakika kumi baadaye wamebadilishana zamu. Dalili za namna hii nikizisikia, sigusi antena. Nashuku anwani mbili.

Chanzo chake ni kunakili. Fundi amepanga nodi moja vizuri, akahifadhi mipangilio, akairejesha kwenye nyingine ili asianze upya, akasahau kubadilisha namba moja. Sasa nodi mbili zinajitangaza kuwa 10.77.0.2. Majirani wa upande huu wanaijua ya Langoni, wa upande ule wanaijua ya Manda, na nodi ya katikati inabadili mawazo kila tangazo likipita. Kwa OLSR matangazo ya jirani hutoka kila sekunde 2 kwa kawaida, kwa hiyo kubadili mawazo huko ni kwa haraka.

Kwenye tabaka la pili `arping -D -I br-lan 10.77.0.2` inakuonyesha kama kuna mwingine anayeitika kwa anwani hiyo. Kwenye la tatu njia ya haraka ni kuzima ile unayoijua. Zima Langoni, subiri dakika mbili, piga ping 10.77.0.2. Ikijibu, unaye mzuka.

Mbaya zaidi ni MAC mbili zinazofanana. Hili linawapata wanaonakili flashi nzima ya kifaa, siyo mipangilio tu, kwa sababu sehemu inayohifadhi MAC na vipimo vya redio nayo inanakiliwa. Kwa batman-adv MAC ndiyo jina la nodi, kwa hiyo nodi mbili zimekuwa mtu mmoja aliye mahali pawili. Ukiangalia namba za IP zote ni sahihi, na ndipo watu wanapochanganyikiwa. Soma kibandiko kilicho chini ya kifaa, ulinganishe na `ip link`.

Halafu kuna mgongano ambao haumo ndani ya meshi bali mpakani. OpenWrt, programu inayoendesha ruta nyingi za meshi, ikiwekwa upya huamka na 192.168.1.1. Modemu nyingi za intaneti nazo ni 192.168.1.1. Ukiziunganisha, nodi ina 192.168.1.0/24 kulia na kushoto, haijui modemu ipo upande upi, na hakuna kinachotoka. Fungu la 10.0.0.0/8 ni la ndani sawa na 192.168.0.0/16 na 172.16.0.0/12, yote yalitengwa na RFC 1918 mwaka 1996. Ni kubwa mno na hugongana kwa nadra na vifaa vya madukani, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mfano wetu kuanza na 10.77.

Nodi inapata intaneti, wateja wake hawapati

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, maana ukiishika vizuri umeelewa nusu ya upangaji njia. Umepanda Shela, umeingia kwenye nodi, ping 8.8.8.8 inajibu vizuri. Unamwambia mwenye nyumba, "Mzee, neti ipo." Anakuonyesha simu yake: "Mwanangu, ipo kwako."

Wote wawili mna haki. Nodi inapopiga ping yenyewe hutumia anwani yake ya mkongo (ile ya nodi kwa nodi), 10.77.0.3, ambayo kila nodi inaifahamu. Simu ya mzee inatuma kwa 10.77.3.20. Pakiti zake zinafika Mkomani bila shida, kwa sababu njia ya kwenda ni ile ile. Jibu ndilo linalokosa pa kupita: Mkomani haijaambiwa kwamba 10.77.3.0/24 ipo Shela.

Jaribio lake ni kuifanya nodi ijifanye mteja: `ping -I 10.77.3.1 10.77.0.1`. Ikikataa hapo wakati ping ya kawaida inakubali, umethibitisha. Nenda Mkomani, `ip route`, tafuta mstari wa 10.77.3.0/24. Haupo? Basi rudi Shela uangalie kama sabneti imetangazwa. Kwenye OLSR inaandikwa sehemu ya Hna4, kwenye Babel ni kanuni ya `redistribute`. Kwa kawaida fundi ameongeza nodi mpya, akapanga DHCP, wateja wakapata anwani, akaona kazi imekwisha.

Kama mstari upo, angalia NAT ya lango, yaani kutafsiri anwani za ndani kuwa ya nje. Kuna wanaoandika kanuni ya kutafsiri anwani za 10.77.0.0/24 peke yake, ile ya nodi. Mteja wa 10.77.3 anatoka nje na anwani ya ndani bila kutafsiriwa, na huko nje hakuna anayeijua. Andika 10.77.0.0/16, inayochukua kila anwani ya 10.77.

Kama na NAT ni sawa, endesha `tcpdump`, inayoonyesha pakiti zikipita, kwenye nodi ya katikati. Ukiona maombi yanakuja kupitia Manda na majibu yanapitia Langoni, njia zako haziko sambamba. Kwa meshi hilo si kosa. Kila nodi huchagua njia kwa jinsi inavyosikia yenyewe. Linakuwa kosa pale `rp_filter` ikiwa 1, kwani kaneli inatupa pakiti yoyote iliyoingia kwa mlango ambao yenyewe isingeutumia kurudisha jibu. Inaitupa bila kulalamika. Iweke 2, ambayo inauliza tu kama anwani hiyo ina njia mahali popote, au 0 ikiwa fayawoli yako inakutosha.

Simu zinakatika, benki inakutoa, lakini video inaendelea

Malango mawili. Umeweka modemu ya pili Langoni ili moja ikifa nyingine ishike. Wazo zuri. Ila kila lango lina NAT yake, na mazungumzo yaliyoanza na anwani ya nje ya Mkomani hayawezi kuendelea na ya Langoni. Video huvumilia kwa sababu huomba vipande upya. Simu ya intaneti na ukurasa wa benki havivumilii.

Angalia ni mara ngapi njia ya jumla inabadilika kwenye nodi ya Shela. Kama inayumba, ipe uzito: lango moja liwe kuu, la pili liwe la akiba lenye gharama kubwa mpaka la kwanza lianguke kweli. Kwenye batman-adv kuna `gw_mode`, na mteja wa DHCP anashikamana na lango lililomgawia anwani. Kugawana mzigo nusu kwa nusu kati ya modemu mbili kunavutia kwenye karatasi tu.

Baya kuliko hilo ni lango lililokufa kimya. Bando limeisha, modemu imewaka taa zote, kebo ni nzima, na nodi inaendelea kutangaza 0.0.0.0/0 (njia ya jumla) kwa majirani. Wote walio karibu nalo wanatumbukiza pakiti humo wakati lango zima lipo miruko miwili mbele. Protokali haiwezi kujua habari za bando. Inapima hewa kati ya nodi na nodi, basi. Kwa olsrd, programu inayoendesha OLSR, kuna programu-jalizi ya dyn_gw inayopiga ping nje na kuondoa tangazo ping zikikosa jibu. Kwingineko skripti fupi inayoendeshwa kila dakika inatosha. Chagua anwani ya kupigia iliyo nje ya mtoa huduma wako, siyo modemu yake.

Taa zote zinapepesa na mji mzima umekuwa mzito

Nyumba ya wageni ina nodi mbili, ya chini na ya darini, na mtu amezichomeka zote kwenye swichi moja. Kwenye tabaka la pili sasa kuna duara: tangazo linatoka hewani, linaingia kebo, linarudi hewani. Chomoa kebo moja. Taa zikitulia, washa `batctl bl 1` (kinga ya duara) kwenye nodi zote, ndipo uirudishe.

WhatsApp inapita, kurasa zinaanza kufunguka halafu zinaganda

Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Batman-adv huongeza kichwa chake juu ya kila fremu, hivyo pakiti ya baiti 1500 inahitaji 1532 chini yake. Kama redio au kebo ya katikati imebaki 1500, inabidi pakiti ikatwe vipande, na kasi inashuka. Ikikutana na kifaa kimoja kisichokata wala kupitisha, pakiti imepotea. Jaribu kutoka kwenye laptopu, maana ping ndogo ya ndani ya ruta nyingi haina chaguo hili: `ping -M do -s 1472`. Hiyo 1472 pamoja na vichwa 28 ndiyo 1500. Ikikataa, shuka mpaka ikubali, na umeshajua kimo cha mlango. Panua MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya mkongo, au bana MSS (ukubwa wa vipande vya data ndani ya pakiti) kwenye lango.

Stima ilipotea, imerudi, handaki la VPN haliamki

Ruta nyingi hazina betri ya saa. Zinaamka zikiamini ni tarehe ya zamani, vyeti vya usalama vinakataliwa, na WireGuard (aina ya VPN) upande wa pili unakataa salamu yenye saa iliyorudi nyuma. Hakikisha NTP, huduma ya kurekebisha saa, inafikika bila kupita handakini.

Jirani yupo kwenye orodha, data haipiti

Hapa ndipo ninaporuhusu ngazi, na hata sasa si mara moja. Matangazo ya majirani husafiri kwa kasi ya chini kabisa ya redio, na kasi ya chini hufika mbali. Data hutaka kasi ya juu. Ndiyo maana Shela inaweza kuisikia Mkomani moja kwa moja kupitia mapengo ya mapaa, ikaiandika kuwa jirani, na isiweze kuipelekea kitu cha maana, wakati Langoni ipo katikati inasubiri kazi. Pandisha `mcast_rate` (kasi ya matangazo), tuseme 12000, ili matangazo yateseke kama data inavyoteseka. Majirani wa uongo watatoweka kwenye orodha, na usiogope orodha ikifupika.

Jirani asipoonekana kabisa, kagua jina la meshi, chaneli, upana wa chaneli na nywila, kisha fayawoli: OLSR inatumia UDP 698, Babel UDP 6696 juu ya anwani za IPv6 za fe80. Kuta za Mkomani za mawe ya matumbawe na chokaa hazipitishi gigahezi 5 za kuaminika; nodi iwe juani, siyo sebuleni.

Kasi kushuka kwa karibu nusu kila mruko si hitilafu ikiwa redio ni moja. Haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, kama punda wawili wenye mizigo wasivyopishana kichochoroni. Redio ya pili kwenye chaneli nyingine, au uvumilie.

Njia inayumba, na inayumba na maji

Kuyumba kwingine ni hesabu tu. Olsrd kwa kawaida hupima kiungo kwa ETX, yaani moja gawa kwa zao la uwezekano wa kufika kwenda na kurudi. Kiungo cha moja kwa moja cha Mkomani na Shela kinapitisha 0.9 kwenda na 0.5 kurudi: ETX ni 2.22. Kupitia Langoni kuna viungo viwili, kila kimoja 0.95 kwenda na 0.95 kurudi: 1.11 na 1.11, jumla 2.22. Njia mbili zimelingana, na pakiti moja ikipotea popote chaguo linageuka. Ongeza kizuizi cha kubadili ovyo, au iongezee njia ya moja kwa moja gharama kwa mkono. Ile 0.5 ya kurudi isikuponyoke: upande mmoja una redio dhaifu, au kiunganishi chake kimeliwa na chumvi.

Kama kuyumba kunakuja saa fulani, andika saa hizo kwa siku kadhaa. Zikisogea mbele kama dakika 50 kila siku, weka saa kando, chukua kalenda ya maji. Kiungo kinachopita juu ya bahari hupokewa mara mbili: wimbi la moja kwa moja na lile lililodunda juu ya maji. Antena mbili zilizo mita 12 juu ya maji yaliyojaa, kilomita 3 kati yao, wimbi la kudunda linasafiri zaidi kwa karibu sentimita 9.6. Maji yakipwa mita 3, ziada inakuwa sentimita 15. Tofauti ni sentimita 5.4, na urefu wa wimbi la gigahezi 5.8 ni kama sentimita 5.2. Maana yake katika kupwa kumoja kiungo kinapita duara zima: mawimbi yanasaidiana, yanauana, yanasaidiana tena.

Kuipandisha antena juu zaidi, kama kila mtu atakavyokushauri, huzidisha mizunguko hiyo. Kuishusha sana nako kuna kikomo, kwa sababu katikati ya safari unahitaji nafasi wazi ya kama mita 6 chini ya mstari. Kinachosaidia ni antena ya pili, upande mmoja tu, karibu mita 3 chini ya ya kwanza, kwenye redio na chaneli yake. Katika nyumba za Lamu hiyo ni takriban ghorofa moja. Ya juu ikizama, ya chini inaibuka, na protokali inachagua yenyewe.

Ipime siku za bamvua, siyo maji mafu. Wakati wa maji mafu bahari haishuki vya kutosha kukionyesha kile kiungo ulichokuja kukitengeneza.